UZI: Ubora na udhaifu wa AppSheet kwa anayetaka mfumo wa ofisi bila kuwa developa

Wakuu, salaam.

Swali hili linarudi sana siku hizi: mtu asiyejua kuandika msimbo anaweza kujitengenezea mfumo wa duka, chama au shule na ukafanya kazi kweli? Jibu langu ni ndiyo, na kwa kazi nyingi za ofisi utafurahi. Ila kuna mahali AppSheet, jukwaa la kujengea programu bila kuwa developa, linakuachia mzigo kimyakimya, na mzigo wenyewe unaonekana ukiwa umeshaingiza data za mwaka mzima. Nimeitumia AppSheet zaidi kwenye ushirika wa maziwa, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko.

Kwa wageni: AppSheet ilianza mwaka 2014 kule Seattle, mmoja wa waanzilishi wake ni Praveen Seshadri, na Google wakainunua Januari 2020. Iko kwenye kundi moja na Power Apps ya Microsoft, OutSystems ya Wareno, na Mendix iliyozaliwa Rotterdam kisha ikanunuliwa na Siemens mwaka 2018. Unaonyesha data yako ilipo, mara nyingi Google Sheets, na jukwaa linakujengea skrini, fomu, orodha na vitufe. Kinachobaki ni wewe kuandika kanuni za kazi kwa fomula zinazofanana sana na za Excel. Wapo wanaosema hakuna msimbo kabisa. Hizo fomula nazo ni msimbo, tena zikizidi zinahitaji kichwa kilichotulia.

Inapong'ara

Chukua kituo cha kukusanyia maziwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndoo zinaanza kuingia. Karani anachukua sampuli, anatumbukiza laktomita (kipimo cha kuonyesha kama maziwa yameongezwa maji), anajaribu kwa spiriti, akiridhika anapima lita, anaandika kwenye kadi ya mfugaji na kwenye daftari kubwa. Mwisho wa mwezi mhasibu anajumlisha lita za kila mfugaji, anazidisha kwa bei, anaondoa makato ya pumba, mashudu na uhimilishaji. Ugomvi unaanza pale kadi inaposema lita 212 na daftari linasema 202.

Mfumo wa kazi hii una majedwali manne: Wafugaji, Mapokezi, Makato na Bei. Karani anaelekeza kamera ya simu kwenye kadi yenye mistari ya kuskani, jina linatokea, anaandika lita na usomaji wa laktomita, anahifadhi. Usomaji ukiwa chini ya 26, fomu inakataa kwenda mbele mpaka achague sababu na maziwa yaandikwe kuwa yamekataliwa. Kanuni hiyo ni mstari mmoja wa fomula. Developa angekuandikia pia, sawa, lakini kwanza ungemweleza laktomita ni nini, umngoje, arudi na kitu ambacho nusu yake hukumaanisha, umweleze tena. Kwa AppSheet, mtu anayeijua kazi ndiye anayeandika kanuni. Meneja wa kituo akisema "ongeza sehemu ya joto la maziwa", inaongezwa palepale mnaongea, na kesho asubuhi karani anaikuta kwenye simu yake. Huu ndio ubora mkubwa kuliko yote, na unatosha kuisamehe AppSheet mambo mengi.

La pili ni kufanya kazi bila mtandao. Vituo vingi viko mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Karani anaendelea kuandika, rekodi zinakaa kwenye foleni ndani ya simu, mtandao ukirudi zinapanda. Yeyote aliyewahi kujaribu kuandika mwenyewe utaratibu wa kusawazisha data bila mtandao anajua ni kazi ngumu kiasi gani. Hapa unaipata bure. Tahadhari moja muhimu: karani akifuta programu au akisafisha data za simu kabla foleni haijapanda, rekodi hizo zimekwenda. Waambieni makarani waziwazi, na wazoesheni kuangalia ile namba inayoonyesha mabadiliko yanayosubiri kabla ya kuzima simu.

Picha, saini ya kidole kwenye kioo, eneo la GPS, kutuma ripoti ya PDF kwa barua pepe kila mwisho wa siku, vyote vimo ndani. Sitavikalia sana kwa sababu vinafanya kazi kama vilivyoahidiwa.

Inapokuangusha

Naanza na mambo ya data, maana ndiyo yanayouma zaidi, na ndiyo ambayo video za mafunzo mtandaoni huyapita haraka.

Bei. Ushirika unabadilisha bei ya lita, tuseme kutoka 900 kwenda 1,000. Ukiwa umeweka malipo kama safu pepe, yaani ile inayokokotolewa kila mara bila kuhifadhiwa, na fomula yake inachota bei ya sasa kwenye jedwali la Bei, basi siku bei inapobadilika malipo ya miezi iliyopita nayo yanabadilika. Yote! Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu. Mfugaji aliyelipwa Machi anaonekana anaudai ushirika. Dawa yake ni kuweka safu halisi ya bei ndani ya Mapokezi, ijazwe mara moja rekodi inapozaliwa, na isiguswe tena. AppSheet inaruhusu hilo kwa ile sehemu ya thamani ya mwanzo, Initial value. Lakini jukwaa halitakwambia uchague ipi. Hilo ni jambo la kujua hesabu za biashara, na kutojua msimbo hakukusamehe kulijua.

Ufunguo wa mstari. Jukwaa linahitaji kila rekodi iwe na kitambulisho chake. Wengi huacha namba ya mstari wa Sheets itumike. Mtu akifuta mstari mmoja katikati, au akipanga upya jedwali kwa herufi, namba zote chini yake zinahama, na simu iliyokuwa na data za zamani inaweza kuhariri rekodi ya mtu mwingine. Tumia UNIQUEID(), fomula inayotunga kitambulisho kisichojirudia, kwenye safu yake yenyewe, tangu siku ya kwanza. Kuhamisha baadaye kunawezekana ila ni jasho.

Tarehe. Google Sheets ikiwa imewekwa mpangilio wa Marekani, 03/04 ni tarehe 4 Machi. Karani wetu alimaanisha tarehe 3 Aprili. Weka mpangilio wa nchi unaofanana kwenye Sheets na kwenye jedwali ndani ya AppSheet kabla hujaingiza rekodi hata moja. Utaona kama jambo dogo mpaka siku malipo ya Aprili yatakapokosa watu.

Watu wawili rekodi moja. Karani na mhasibu wakihariri mstari uleule wakiwa nje ya mtandao, anayesawazisha mwisho ndiye anayebaki, wa kwanza anafutika. Kwa hiyo usijenge mfumo ambao watu wanabadilisha jumla. Jenga ambao kila tukio ni mstari mpya: mapokezi ni mstari, kato ni mstari, na marekebisho nayo ni mstari wenye sababu na jina la aliyerekebisha. Wahasibu wa zamani walikuwa na desturi hii kwenye leja ya karatasi, kutofuta bali kuandika ingizo la kurekebisha, na bado hakuna aliyeipita.

Kasi. Hesabuni pamoja nami. Wafugaji 150 wakileta mara moja kwa siku, ni mistari 4,500 kwa mwezi, karibu 55,000 kwa mwaka. Sasa weka safu pepe kwenye Wafugaji inayojumlisha lita za kila mmoja kwa SELECT(), fomula ya kuchagua mistari inayotimiza sharti. Kila kusawazisha, kwa kila mfugaji, fomula inapitia jedwali zima: 150 mara 55,000, zaidi ya ukaguzi milioni 8 ili tu kufungua orodha ya majina. Mwezi wa kwanza programu inaruka kama swala. Mwezi wa kumi karani anasimama na simu mkononi huku foleni ya ndoo inarefuka, naye anarudi kwenye daftari. Mfumo unapokufa vituoni, mara nyingi umeuawa na jambo hili.

Gharama

Unaweza kujenga na kujaribu na watumiaji hadi 10 bila kulipa. Ukianza kazi rasmi, leseni ni kwa kichwa: bei ya kawaida iliyotangazwa ni dola 5 kwa mwezi kwa ngazi ya Starter na dola 10 kwa ngazi ya Core. Ofisi zenye Google Workspace, nyingi tayari zina Core ndani ya malipo yao, kwa hiyo angalieni kabla ya kulipa mara mbili.

Kwa wafanyakazi 8 ngazi ya chini ni dola 40 kwa mwezi, dola 480 kwa mwaka. Hiyo inavumilika. Lakini uongozi ukisema kila mfugaji awe na programu aone salio lake, watu 150 mara dola 5 ni dola 750 kwa mwezi, dola 9,000 kwa mwaka. Ushirika mdogo hauna pesa hiyo, na isingekuwa haki kuichota kwenye maziwa ya watu. Mfumo huu unawafaa wachache wanaoingiza na kusimamia data. Wanaohitaji tu kujua salio watumiwe SMS kupitia kampuni ya SMS za jumla.

Ya nani?

Programu na lile jedwali la Sheets viko chini ya akaunti ya Google ya aliyevitengeneza. Kuna taasisi moja, siitaji, ambayo kijana wa TEHAMA aliyekuwa kwenye mafunzo kazini aliwajengea mfumo mzuri kwa Gmail yake binafsi. Mkataba wake ukaisha, akaondoka, na mfumo ukaondoka naye. Hakuiba kitu. Hakuna aliyemwambia afungue akaunti ya taasisi. Kuhamisha umiliki kunawezekana kwa hatua chache, ila inabidi mwenye akaunti awepo na akubali. Fungueni akaunti ya ofisi kwanza, nenosiri lijulikane na watu wawili, ndipo mjenge.

Na hata akaunti ikiwa yenu, jukwaa si lenu. Huwezi kupakua msimbo wa programu ya AppSheet ukaipeleka kwenye seva nyingine. Google wenyewe walikuwa na jukwaa jingine la aina hii, App Maker. Januari 2020, mwezi uleule walioinunua AppSheet, wakatangaza kulifunga, na likazimwa Januari 2021. Amazon nao walileta Honeycode mwaka 2020, wakaifunga mwishoni mwa Februari 2024. Haya ni miongoni mwa makampuni makubwa kuliko yote duniani, na watu waliokuwa wamejenga humo walipewa muda wa kuhamisha data na kwaheri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ndio sababu ya kuandika uzi: data iwe yenu, ipangwe vizuri, ikae mahali mnapoweza kuitoa leo jioni kama CSV, faili la maandishi matupu linalofunguka kwenye mfumo wowote. Skrini na vitufe vihesabiwe kuwa vya muda. Ukipanga hivyo, AppSheet ni msaada mkubwa. Ukiacha jukwaa likupangie data kwa sababu ndivyo lilivyofungua, umejifunga.

Karibuni.

—

#4, mchangiaji

Uzi mzuri mkuu, ila naona unawapotosha watu kiaina. Mimi ni developa wa Laravel (zana ya kujengea mifumo ya tovuti kwa msimbo). Mfumo wa majedwali manne naumaliza haraka, seva ni dola chache kwa mwezi, watumiaji 150 au 15,000 bei ileile. Kwa nini mtu alipe kwa kichwa maisha yake yote?

#5, mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako kwenye bei kwa kichwa ni ya kweli na sitaipinga. Watumiaji wakiwa wengi, au mfumo ukiwa wa kuuzia wateja, mtafute developa kama wewe.

Nakukumbusha mawili tu. Kwanza, hiyo seva ya dola chache inahitaji mtu wa kuisasisha, kuweka cheti cha HTTPS, kuchukua nakala rudufu na kuamka usiku ikianguka. Chama cha wafugaji hakina mtu huyo. Wewe upo Dar na una wateja wengine. Pili, tovuti ya Laravel karani anaifungua kwenye kivinjari, na mtandao ukikata katikati ya foleni hana kitu, isipokuwa umemwandikia kuhifadhi ndani ya simu, foleni, migongano na kupandisha picha. Ukijumlisha na hiyo kazi, hutamaliza haraka kama unavyosema, na kwa haki utatoza bei yake.

Nikikutana na chama kinachoweza kukulipa wewe na kukulipa tena mwakani kwa matunzo, nitawaambia wakuchukue. Vingi haviwezi.

#9, mchangiaji

Niko Nakuru. Tuna chama cha akina mama, tunataka mwanachama akibonyeza kitufe apate ombi la M-Pesa kwa simu yake, alipe, na rekodi ijiandike yenyewe. AppSheet itaweza hii?

#10, mwanzisha uzi

Dada, inawezekana, ila AppSheet peke yake haiwezi, na watu wengi hugundua hivyo wakiwa wamechelewa.

Kwenye Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, kutuma ombi kunataka kwanza uombe tokeni (kibali cha muda), kisha utengeneze nenosiri kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo uliopewa na muda wa sasa, uvibadilishe kuwa base64 (namna ya kuandika data kwa herufi na namba), ndipo utume. Jibu la kwanza linakwambia tu kwamba ombi limepokelewa. Kama mtu amelipa au ameghairi, Safaricom wanaleta taarifa baadaye kwenye anwani ya HTTPS uliyowapa. AppSheet haina mlango wa kupokea taarifa ya umbo hilo moja kwa moja. Unahitaji Apps Script, zana ya Google ya kuandikia msimbo, katikati: kipande cha JavaScript kinachotuma ombi, na kingine kinachopokea jibu na kuliandika kwenye Sheets. Hapo umeshaingia kwenye msimbo wa kweli, na ni vyema mlipe kijana anayeijua kazi hiyo.

Mwambieni azingatie usalama. Ule mlango wa Apps Script unabidi uwe wazi kwa dunia nzima ili Safaricom waufikie, na Apps Script haikuonyeshi vichwa vya ombi lililoingia (yale maelezo yanayotangulia ujumbe wenyewe), kwa hiyo huwezi kukagua saini iliyowekwa humo. Kabla ya kuandika "amelipa", script ihakikishe kwamba namba ya CheckoutRequestID iliyokuja ni mojawapo ya zile mlizotuma ninyi, na kiasi kinalingana. La sivyo mtu yeyote aliyeijua ile linki anaweza kuwatumia malipo hewa. Na mweka hazina asiache kulinganisha na taarifa ya M-Pesa kila wiki. Pesa za akina mama zisikae kwenye imani ya programu peke yake.

#13, mchangiaji

Mimi ni nesi. Tunataka kuweka wagonjwa wa kliniki ya sukari, tarehe za kurudi, vipimo, namba za simu. Sheets tumeshaisambaza kwa wenzangu wote ili programu ifanye kazi. Tuko sawa?

#14, mwanzisha uzi

Hapana, na nakuomba uondoe hiyo ruhusa leo. Programu inasoma Sheets kwa ruhusa ya mwenye programu. Wenzako hawahitaji kabisa kupewa ile faili. Ukiwapa, kila mmoja anaweza kuifungua kwenye kompyuta, kunakili wagonjwa wote na kuondoka nao, na kanuni zote ulizoweka kwenye fomu hazimhusu.

Kisha angalia hili, maana linawachanganya hata wazoefu. AppSheet ina njia mbili zinazofanana za kuficha data. Moja inaitwa Slice, inachagua mistari ya kuonyesha kwenye skrini. Nyingine ni Security Filter. Slice inaficha kwa macho tu: data yote imeshashuka kwenye simu ya mtumiaji. Kichujio cha usalama ndicho kinachozuia data isitoke kwenye seva. Kama kila nesi aone wagonjwa wa zahanati yake pekee, weka kichujio cha usalama kinacholinganisha zahanati ya mgonjwa na ile ya mwenye USEREMAIL(), yaani barua pepe ya aliyeingia. Na hakikisha kuingia kwa akaunti ni lazima.

Msidhani haya ni mambo ya wanaoanza tu. Agosti 2021 kampuni ya usalama wa mtandao ya UpGuard ilitoa ripoti kwamba taarifa milioni 38 zilikuwa wazi mtandaoni kupitia tovuti zilizojengwa kwa Power Apps. Walioguswa ni pamoja na American Airlines, Ford, na idara za majimbo ya Marekani, huku baadhi ya data zikiwa za ufuatiliaji wa Covid. Hakuna aliyevunja mlango. Mpangilio wa mwanzo uliacha ruhusa za majedwali zikiwa zimezimwa, na wajenzi hawakujua kwamba ni juu yao kuziwasha. Baada ya hapo Microsoft ilibadilisha mpangilio huo wa mwanzo.

Sheria nayo ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Kenya wana yao ya mwaka 2019. Taarifa za afya ni taarifa nyeti, na zikiwa kwa Google zinakaa kwenye seva zilizo nje ya nchi, jambo ambalo sheria inalitazama kwa masharti yake. Kabla hamjaendelea, zungumzeni na mganga mfawidhi na mtu wa TEHAMA wa halmashauri. Mgonjwa wa sukari amewaamini ninyi.

#17, mchangiaji

Ofisi yetu ina Microsoft 365, Power Apps imo. Si afadhali hiyo?

#18, mwanzisha uzi

Kama data zenu ziko SharePoint (hifadhi ya mafaili na orodha ya Microsoft) na kila mtu ana akaunti, ndiyo, anzeni hapo. Muonekano unaupanga kwa uhuru zaidi kuliko AppSheet.

Ila lijueni hili mapema. Kuna fomula ambazo Power Apps haiwezi kuzikabidhi kwa hifadhi ya data izifanyie kazi kule. Zikitokea, inachota mistari 500 ya kwanza tu na kuhesabu kwenye simu. Unaweza kuongeza hadi 2,000, mwisho hapo. Mjenzi anaonyeshwa alama ya tahadhari kwenye fomula, lakini mtumiaji haonyeshwi chochote: anapata jumla iliyo safi, yenye koma na desimali, na siyo sahihi. Mkiwa na mistari 300 wakati wa majaribio kila kitu kinakubali. Jaribuni na mistari 5,000 ya uongo kabla ya kukabidhi. Na chanzo cha data kikitoka SharePoint kwenda kanzidata ya SQL, leseni inapanda, ulizeni kabla.

#21, mchangiaji

Mkuu, chama chetu tuna mistari kama elfu 80 kwenye Sheets, programu inachukua dakika nzima kusawazisha. Makarani wamechoka. Tuhame?

#22, mwanzisha uzi

Msihame bado. Fanyeni kwa mpangilio huu, na pimeni baada ya kila hatua.

Angalieni safu pepe zote kwenye jedwali la Wafugaji. Kila yenye SELECT() inayopitia Mapokezi yote, iondoeni. Jumla za mwezi zihesabiwe kwenye Sheets yenyewe kwa jedwali la muhtasari, kisha AppSheet isome muhtasari huo. AppSheet ina ukurasa unaoonyesha kila kusawazisha kulichukua muda gani na safu ipi ndiyo nzito, uko kwenye sehemu ya Monitor. Usikisie, usome.

Baada ya hapo, wekeni kichujio cha usalama karani apate mapokezi ya mwezi huu na uliopita tu. Simu itapumua mara moja. Lakini Google Sheets bado inasomwa nzima upande wa seva kabla ya kuchujwa, kwa hiyo hamisheni miaka iliyopita kwenye faili nyingine ya kumbukumbu. Ukomo wa Sheets ni seli milioni 10 kwa faili, na mistari elfu 80 yenye safu 20 ni milioni 1.6. Hamjafika kwenye ukomo, mmefika kwenye uzito. Picha nazo ziangalieni: akaunti ya bure ina GB 15 kwa kila kitu pamoja na barua pepe.

Kama baada ya hayo bado inasuasua, hamisheni data kwenda kanzidata kama MySQL au PostgreSQL na muiache AppSheet kama skrini tu. Kichujio kikiwa chepesi kinafanya kazi ndani ya kanzidata yenyewe, hivyo mistari laki tano haiwatishi. Angalieni kwanza kama ngazi ya leseni yenu inaruhusu kuunganisha kanzidata ya aina hiyo. Uhamisho utakuwa mwepesi kama funguo zenu ni za UNIQUEID() na bei imehifadhiwa kwenye kila mstari. Kama funguo ni namba za mstari, anzeni na hizo kabla ya yote: ongezeni safu mpya ya kitambulisho, ijazeni kwa mistari yote, unganisheni Makato na Mapokezi kwa kitambulisho kipya, halafu ndipo mbadilishe ufunguo ndani ya AppSheet. Fanyeni kazi hii jioni makarani wote wakiwa wameshasawazisha, na mkiwa na nakala ya faili pembeni.

Ukileta hapa ile orodha ya safu pepe na muda wake kutoka Monitor, nitakwambia ipi uanze nayo. Futa majina ya wafugaji kabla ya kupiga picha ya skrini.